City walishinda nini khasa? Kesi ya udhamini wa ndugu, kwa wanaobishana barzani

Kesi ya Manchester City na Ligi Kuu ya England kuhusu udhamini ilifungwa rasmi tarehe 8 Septemba 2025. Barzani haijafungwa. Pale Jaws Corner kesi bado inatajwa kila wikiendi yenye mechi, na Wete na Chake hali ni hiyo hiyo: wa City anasema "tuliwapiga kwenye kesi", wa Arsenal anajibu "mlikubali kanuni mwishowe, sasa mlishinda nini?", na wa Man United, ambaye kesi haimhusu hata kidogo, anachochea moto tu. Wote watatu wanazungumza kana kwamba ilitoka hukumu moja. Hukumu zilikuwa mbili, katikati yake ikapigwa kura, kisha yakaja makubaliano. Asiyezitenganisha hatua hizo atapata kila mara kipande cha kumtetea, na mwenzake naye atapata chake.

Niseme msimamo wangu mapema ili asiyeupenda aanze kuandika maoni yake. City hawakuliangusha wazo la kudhibiti udhamini wa ndugu, yaani udhamini wa kampuni yenye uhusiano na mwenye timu. Walichokiangusha ni kanuni iliyokagua pesa za tajiri wa aina moja na kufumbia macho pesa za tajiri wa aina nyingine. Na walilishinda hilo kwa haki kabisa, hata kama timu yenyewe huipendi.

Kanuni zilivyozaliwa

Tarehe 7 Oktoba 2021 Newcastle ilinunuliwa na kundi lililoongozwa na PIF, mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, uliochukua asilimia 80. Hata wiki mbili hazijapita, klabu za ligi zikakutana na kusimamisha kwa muda mikataba yote ya udhamini kati ya klabu na kampuni zenye uhusiano na mwenye timu. Klabu 18 ziliunga mkono, Newcastle ikapinga, City ikajizuia kupiga kura. Hofu yao ilijulikana: Saudi Arabia ina kampuni nyingi, na yoyote kati ya hizo ingeweza kulipa mara tatu ya bei ili nembo yake ikae kwenye jezi. Pesa ya mwenye timu ingeingia kwa mlango wa mbele, imevaa nguo za mdhamini.

Desemba 2021 zuio hilo la muda likageuzwa kanuni za kudumu. Kwa Kiingereza zinafupishwa APT. Hapa nitaziita kanuni za udhamini wa ndugu, maana ndivyo zilivyo: zinashughulika na mkataba ambao anayelipa na anayelipwa wana uhusiano wa umiliki au wa mamlaka.

Kwa nini ihitajike kanuni? Kwa sababu ligi ina kikomo cha hasara. Chini ya kanuni za PSR, yaani kanuni za ligi za faida na uendelevu, klabu inaruhusiwa kupoteza hadi paundi milioni 105 kwa miaka mitatu, na hata hizo si bure: paundi milioni 15 ndizo za klabu kujitegemea, na 90 zilizobaki lazima mwenye timu azifidie kwa mtaji wa hisa. Kwa hiyo mwenye timu hawezi kumwaga pesa anavyotaka na kuita hasara. Udhamini lakini si hasara, ni mapato. Paundi milioni 30 za ziada kwenye mkataba wa jezi zinapunguza hasara kwa milioni 30 hizo hizo. Ndiyo maana mlango huu unalindwa kuliko mingine.

Bei ya haki inapatikanaje

Hapa ndipo barza inapopita mbio, na hapa ndipo kesi ilipo. Klabu inapotaka kusaini na mtu mwenye uhusiano nayo, hupeleka mkataba ligi. Hata mikataba na watu baki, ikizidi paundi milioni 1 kwa mwaka, hupelekwa ili iangaliwe kama nyuma yake hakuna undugu uliofichwa. Ligi kisha inauliza swali moja: je, bei hii ni thamani halisi ya soko?

Chukulia una fremu ya duka Darajani na unamkodisha shemeji yako. Mtu akitaka kujua kama kodi ni ya kweli, hatakuuliza wewe wala shemeji. Atatembea mtaani, aulize fremu za ukubwa ule, upande ule wa barabara, zimekodishwa kwa watu baki kwa kiasi gani. Ligi nayo hufanya hivyo. Ina kanzidata ya mikataba ya klabu zote 20: nembo ya kifua, ya mkono, jina la uwanja, jezi za mazoezi, washirika wa mikoa. Inachukua mkataba unaokaguliwa, inautafutia mifano inayofanana nao, inapima ukubwa wa klabu, nafasi yake katika ligi, mechi za Ulaya na idadi ya macho yanayoiona nembo, halafu inasema bei hii imo ndani ya soko au imepita. Ikipita, klabu lazima ishushe bei au iache mkataba.

Shida za njia hii zinaonekana hata kabla hujawasikia mawakili. Mikataba mikubwa kabisa ni michache, kwa hiyo mifano ya kulinganisha ni michache. Klabu iliyotwaa ubingwa mara nne mfululizo unailinganisha na nani? Na kanzidata iko mikononi mwa ligi peke yake. Klabu haioni bei za wenzake, na ni sawa isizione, maana ni siri za biashara. Lakini basi itajiteteaje dhidi ya namba isiyoziona?

Februari 2024 kanuni zikakazwa zaidi. Mwanzo ilitosha bei iwe ndani ya kiwango ambacho mtu baki angeweza kulipa, na ligi iliruhusiwa kuikataa pale tu ilipokuwa dhahiri kwamba si ya soko. Mabadiliko yakaondoa ule udhahiri, na bei ikatakiwa iwe ile ambayo mtu baki angelipa khasa. Mtu wa barzani ataona ni ubishi wa mawakili tu, lakini tofauti yake ni kubwa. Soko la udhamini halina bei moja, lina masafa. Kifua cha jezi ya timu kubwa kinaweza kuuzwa kwa 55 au kwa 70, na zote zikawa za kweli. Kanuni ya kwanza inakubali namba yoyote ndani ya masafa hayo. Ya pili inakulazimisha ufikie katikati yake.

Kura yenyewe iliyopitisha mabadiliko hayo inafaa kukumbukwa: 12 waliunga mkono, 6 walipinga, 2 wakajizuia. Kanuni za ligi zinahitaji theluthi mbili ya wanaopiga kura. Waliopiga ni 18, na theluthi mbili ya 18 ni 12 kamili. Yaani kama mmoja tu wa wale wawili waliojizuia angenyanyua mkono kupinga, mabadiliko yasingepita. Barzani watu wakisema "klabu zote ziliungana dhidi ya City", hiyo ndiyo hesabu ya kuwapa.

Hukumu ya kwanza

City wakafungua madai mapema mwaka 2024, baada ya ligi kukataa bei za mikataba yao miwili, wa Etihad na wa First Abu Dhabi Bank. Shauri halikwenda mahakamani. Kanuni za ligi zinataka migogoro kati yake na klabu iende kwa wasuluhishi. Walikaa watatu, wote watu wa sheria wa ngazi ya juu: Sir Nigel Teare, Lord Dyson na Christopher Vajda. Walisikiliza Juni 2024, na uamuzi wao wa kurasa 175 ukachapishwa tarehe 7 Oktoba 2024.

Kurasa 175, na saa chache baadaye pande zote mbili zilikuwa zimeshatangaza ushindi. Ligi ikasema kanuni zimekubaliwa kwa sehemu kubwa. City wakasema kanuni zimekutwa kinyume cha sheria, na mwanasheria wao mkuu akawaandikia klabu nyingine barua ya kulalamika kwamba maelezo ya ligi yanapotosha. Ubishi wetu wa barza ulizaliwa hapo, kwenye hizo taarifa mbili. Wengi walisoma ile iliyowapendeza wakaishia hapo.

Ligi ilishinda nini? Kwanza, wazo. Jopo lilikubali kwamba kudhibiti udhamini wa ndugu ni lengo halali, na kwamba bila udhibiti wa aina hiyo kikomo cha hasara kingekuwa hakina maana. Pili, City walidai kanuni zilitungwa makusudi kuzibana klabu zenye wamiliki wa Ghuba. Jopo likalikataa dai hilo. Najua hili halipendwi katika mji ambao nusu ya watu wana jamaa Muscat au Dubai, na maneno ya "Wazungu hawataki kumuona Mwarabu anashinda" ni rahisi kuyatamka. Huenda hata baadhi ya waliopiga kura walikuwa na hayo moyoni. Lakini dai la kisheria linahitaji ushahidi kuhusu lengo la kanuni, na jopo halikuupata. Mtu wa City anayelisimamia hilo kama ushindi wake amelishika palepale timu yake iliposhindwa.

City nao walishinda mambo matatu, na ni mazito.

La kwanza ni mikopo ya wenye hisa, nalo nitalirudia chini kwa sababu ndilo moyo wa kesi. Kanuni zilikagua udhamini kutoka kwa mwenye timu, lakini zikaiacha nje mikopo yake isiyo na riba au yenye riba ndogo. Jopo likasema kuacha huko kunavunja Sheria ya Ushindani ya Uingereza ya 1998, vifungu vya 2 na 18: cha kwanza kinakataza makubaliano yanayobana ushindani, cha pili kinakataza mwenye nguvu katika soko kuitumia vibaya nafasi yake.

La pili ni yale mabadiliko ya bei ya Februari 2024. Yakaangushwa.

La tatu ni kanzidata. Klabu ilikuwa hairuhusiwi kuiona mifano iliyotumika dhidi yake na kuitolea maoni kabla ligi haijaamua. Ukikataliwa, ndipo uanze kupambana. Jopo likasema huo si utaratibu wa haki. Kwa sababu hiyo, maamuzi ya ligi kuhusu Etihad na First Abu Dhabi Bank yakatenguliwa, na ligi ikalaumiwa pia kwa kuchelewa kuyatoa. Kutengua maana yake ni kwamba ligi iende ikaangalie upya kwa utaratibu ulio sawa. Haina maana kwamba bei za City zimekubaliwa. Nimewasikia wengi wakisema "mkataba wa Etihad ulipitishwa na jaji", na sivyo.

Mkopo wa bwana mkubwa

Sasa ile hoja ya mikopo, maana inawauma mashabiki wa Arsenal na wanaikwepa kwa ustadi.

Mwenye timu ana njia tatu za kuingiza pesa yake. Anaweza kununua hisa mpya: pesa inaingia, haidaiwi tena. Anaweza kuleta kampuni yake iwe mdhamini. Au anaweza kuikopesha klabu. Klabu ikikopa benki italipa riba, na riba ni gharama inayoingia kwenye hesabu ya PSR. Mwenye timu akikopesha bila riba, gharama hiyo haipo.

Tuchukue mfano wa namba nyepesi. Klabu ina mkopo wa paundi milioni 200 kutoka kwa mwenyewe, riba sifuri. Kama mtu baki angeukopesha kwa asilimia 6, riba ingekuwa milioni 12 kwa mwaka, milioni 36 kwa miaka mitatu. Ukirudi kwenye kikomo cha milioni 105, hiyo ni zaidi ya theluthi nzima ya nafasi ya kupoteza, na klabu imeipata bure kwa sababu mkopeshaji ni mwenye nyumba. Sasa mlinganishe na mwenzake ambaye tajiri wake alitaka kuongeza milioni 12 hizo hizo kwa mwaka kupitia nembo ya jezi. Huyu wa pili anakaguliwa, anacheleweshwa, anakatwa bei. Wa kwanza hata haulizwi. Faida ni ile ile, shilingi kwa shilingi.

Arsenal, Brighton na Everton walikuwa miongoni mwa klabu zenye mikopo mikubwa ya aina hiyo wakati hukumu inatoka. Kwa Arsenal ilizidi paundi milioni 200. Si kosa lao, kanuni ziliruhusu. Lakini ndiyo maana jopo liliona hapana budi: ukitaka kusema "pesa ya mwenye timu lazima ipimwe kwa bei ya soko", ipime yote.

Ndipo likaja swali ambalo bado linaulizwa: "Basi Arsenal watakatwa pointi?" Hapana. Kesi ilihusu uhalali wa kanuni. Haikuwa mashitaka dhidi ya klabu yoyote, na klabu haiadhibiwi kwa kuifuata kanuni iliyokuwapo. Isitoshe, mwenye timu anayetaka kuukwepa mtego huu ana njia nyepesi: anaugeuza mkopo kuwa hisa. Deni linafutika kwenye vitabu, na hakuna riba ya kupimwa. Anachopoteza ni haki ya kudai pesa yake irudi siku akiuza timu, na kwa tajiri anayeiuza timu nzima hilo linaweza kufidiwa kwenye bei.

Kura ya Novemba, kisha hukumu ya pili

Tarehe 22 Novemba 2024 klabu zilipiga kura kurekebisha kanuni. Mikopo ya wenye hisa ikaingizwa, sehemu ya mabadiliko ya Februari ikaondolewa, na washauri wa klabu wakapewa njia ya kuona taarifa za kanzidata. Kura zilikuwa 16 kwa 4. Waliopinga ni City, Newcastle, Aston Villa na Nottingham Forest. Hoja yao haikuwa lazima kwamba marekebisho ni mabaya. Villa, kwa mfano, walitaka kura isubiri, kwa kuwa jopo lilikuwa halijamaliza kusema matokeo ya hukumu yake. Ligi haikusubiri.

Tarehe 14 Februari 2025 jopo likatoa sehemu iliyobaki. Swali lilikuwa: yale makosa matatu yanaweza kukatwa na kanuni zilizobaki zikaendelea, au yameziharibu zote? Jopo likajibu kwamba hayatenganishiki na mengine. Kwa hiyo kanuni zote za udhamini wa ndugu, tangu Desemba 2021 mpaka Novemba 2024, ni batili na haziwezi kutekelezwa.

Huu ndio ushindi mkubwa wa City, na ajabu ni kwamba barzani hautajwi sana. Watu wamebaki na ile ya Oktoba. Miaka mitatu nzima ya kanuni ilifutwa. Klabu iliyolazimishwa kushusha bei katika kipindi hicho ilishushiwa kwa kanuni ambayo kisheria haikuwapo. Ligi ikajibu kwamba hukumu hiyo haizigusi kanuni mpya za Novemba, na kwa maneno hayo ilikuwa sahihi: jopo lilikuwa linazungumzia za zamani.

City walikuwa wameshafungua shauri jingine Januari 2025 kuzipinga hizo mpya, wakilalamikia pamoja na mengine jinsi mikopo iliyokuwapo tayari ilivyopewa nafuu. Shauri hilo ndilo lililomalizwa kwa makubaliano ya 8 Septemba 2025. Taarifa ya pamoja ilikuwa fupi mno: mgogoro umekwisha, na City wanakubali kwamba kanuni za sasa ni halali na zinawabana. Hakuna zaidi kilichosemwa hadharani. Kwa hiyo mtu akikuambia kwa uhakika kwamba City "waliuza mechi" au kwamba ligi "iliwalipa chini ya meza", muulize kaipata wapi.

Na zile tuhuma nyingine 115 za ligi dhidi ya City? Tafadhali tuzitoe kwenye mazungumzo haya. Mashitaka ya Februari 2023 yana jopo lake na mambo yake: kama taarifa za fedha zilizotolewa tangu msimu wa 2009/10 zilikuwa za kweli, na kama klabu ilitoa ushirikiano kwenye uchunguzi. Katika kesi ya udhamini, mkataba upo mezani na watu wanabishana bei. Katika zile nyingine, kinachobishaniwa ni kama kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichotokea. Kushinda moja hakukusaidii wala hakukudhuru katika nyingine.

Hesabu inayokuja

Kuna jambo litakaloigeuza kesi hii kuwa historia haraka kuliko watu wanavyodhani. Novemba 2025 klabu zilipiga kura, 14 kwa 6, kuachana na PSR kuanzia msimu wa 2026/27. Badala yake gharama za kikosi, yaani mishahara, ada za uhamisho zilizogawanywa kwa miaka ya mkataba na malipo ya mawakala, zisizidi asilimia 85 ya mapato ya mpira pamoja na faida ya kuuza wachezaji.

Iweke hesabu hiyo pembeni ya hukumu. Riba ya mkopo si gharama ya kikosi. Haimo kabisa. Kwa hiyo ile faida ya milioni 12 kwa mwaka niliyoipigia hesabu juu, iliyobeba kesi nzima, inapungua uzito sana. Udhamini kinyume chake unapanda uzito: ni mapato, na kila paundi ya mapato inafungua senti 85 za kutumia kwenye kikosi. Mkataba uliovimbishwa kwa milioni 20 unakupa milioni 17 za mishahara na usajili, mwaka hadi mwaka. Ukaguzi wa bei, ule ule ambao City waliutikisa kisha wakaukubali, ndio utakaokuwa mlango mkuu. Kwa maoni yangu ndiyo maana makubaliano yalifaa kwa pande zote mbili, maana hakuna aliyetaka kuingia kwenye mfumo mpya huku haijulikani nani ana mamlaka ya kupima bei.

Tukiileta nyumbani

Barza hupenda kuishia na "mambo ya Wazungu hayo". Hayako mbali hivyo.

Ligi Kuu ya Bara inaonyeshwa na Azam Media, kwa mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 uliosainiwa Mei 2021. Familia hiyo hiyo ya Bakhresa, ambaye ni mtoto wa hapa Unguja, ina timu katika ligi hiyo, Azam FC. Hakuna kosa lililofanyika hapo, na bila pesa ile klabu nyingi zingekuwa hoi. Lakini mtu anayepinga Etihad kukaa kwenye jezi ya City, kisha hajawahi hata kulifikiria hili, hajaelewa anachokipinga. Tofauti muhimu ni kwamba pesa ya haki za televisheni inagawiwa klabu zote, haiingii mfuko wa Azam FC peke yake. Kwa kipimo cha England, hiyo isingekaguliwa kama udhamini wa ndugu. Nembo ya kampuni dada kwenye kifua cha Azam FC ingekaguliwa.

Kisa cha GSM kinafunza zaidi. Novemba 2021 TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ilisaini na kampuni ya GSM mkataba wa miaka miwili wa shilingi bilioni 2.1, iwe mdhamini mwenza wa ligi. GSM ndiyo iliyokuwa nyuma ya Yanga. Simba wakagoma kuvaa nembo, na Februari 2022 GSM ikajitoa. Tulibishana wiki kadhaa kama Simba wana kiburi, wakati swali lilikuwa la utaratibu: kabla ya kumkubali mdhamini mwenye uhusiano na klabu mojawapo, nani aliulizwa, na uhusiano huo ulitangazwa wapi? England waliandika kanuni ndani ya wiki kadhaa, ikawa na makosa, ikapelekwa kwa wasuluhishi, ikaandikwa upya. Sisi mkataba ulikufa na kanuni haikuzaliwa.

Na hapa kwetu Visiwani mambo ni magumu zaidi. Ligi yetu imebeba jina la PBZ, benki ya serikali. KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto na KVZ ni timu za idara maalum za serikali hiyo hiyo. Mlandege na Malindi ni za raia. Udhamini wa ligi nzima hauna tatizo, kwa sababu ile niliyoisema ya Azam. Tatizo lingeanza siku shirika moja la serikali likisaini na timu moja ya kikosi kwa kiasi ambacho hakuna kampuni binafsi ingekitoa. Na tusiusahau mshahara: mchezaji aliyeajiriwa kikosini analipwa kama askari, si kwenye vitabu vya klabu. Kwa mizani ya lile jopo, huo ni msaada wa mwenye timu ambao haupimwi, ndugu kabisa wa mkopo usio na riba. Ukikagua nembo ya jezi na kuuacha mshahara, umelirudia kosa la 2021 neno kwa neno.

Kama ZFF, shirikisho la soka la Zanzibar, ingetaka kuanza, pa kuanzia si bei. Bei huwezi kuipima bila mifano, na mikataba ya klabu zetu haitunzwi mahali pamoja. Hatua ya kwanza ni kila klabu ya Ligi Kuu kuwasilisha nakala ya mkataba wowote wa udhamini unaozidi kiasi fulani kilichokubaliwa, pamoja na karatasi moja inayotaja mwenye kampuni na mwenye timu. Vitu vinavyohesabiwa kama udhamini navyo viandikwe kwa thamani: seti za jezi, basi, tiketi za boti kwenda Pemba, kambi. Kwetu msaada mwingi huja hivyo, si kwa fedha taslimu, na ukihesabu fedha tu utakosa zaidi ya nusu. Misimu miwili mitatu ya karatasi hizo ndiyo kanzidata. Baada ya hapo klabu inayokaguliwa ionyeshwe mifano inayolinganishwa nayo kabla ya uamuzi, majina yakiwa yamefichwa, na anayepima asiwe mtu wa PBZ wala wa wizara yenye timu.